Mama Askanio wa Tumba

Asubuhi ile aliniuliza, "Soksi zangu za sufi umeziweka wapi?"

"Ziko juu ya hita."

"Nani kakwambia uziweke kwenye hita?"

"Miguu yako. Imelalamika usiku kucha."

Akazivaa zikiwa za moto. Hakusema asante. Alinigonga kidole kwenye kisogo, ndiyo asante yake.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri. Alikunywa chai amesimama. Akatia mfukoni punje tatu za kahawa ya kutafuna, ile tunayoletewa kutoka Bukoba. Mlangoni akageuka.

"Toa samaki kwenye friza. Jana ulisahau, tukala mayai."

"Nitatoa."

"Na jana ulisema nitatoa."

Nikasimama dirishani. Koti lake la bluu lilishuka kuelekea stesheni ya Tumba. Alitembea kama bata kwa ajili ya barafu. Nikatoa samaki.

Saa nne wakapiga simu kutoka kazini kwake. Kichwa kilimuuma ghafla, akakaa sakafuni, hakuinuka. Alilala hospitali siku tatu bila kusema neno. Ijumaa akafariki. Alikuwa na miaka sitini na tano, na kazi ilibaki miezi minne tu astaafu.

Kanisani walisoma wasifu wake. Ulikuwa mzuri na ulikuwa wa kweli: amezaliwa Bukoba mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tisa, amebatizwa, amefunga ndoa, amekuja Sweden, amefanya usafi miaka ishirini na tatu. Lakini nilipousikiliza sikumwona Veneranda mle ndani. Kwa hiyo naandika huu mwingine. Mimi sikusoma. Herufi nilizijua hapa Sweden nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la wageni. Nitasema kwa ufupi.

Veneranda alikuja huku akilea watoto wa daktari mmoja Msweden aliyekuwa akifanya kazi kwetu. Daktari aliporudi kwao akamchukua. Mimi nilibaki nikibeba magunia ya kahawa bandarini Bukoba. Baada ya miaka mitatu akanileta. Nikapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, naye baadaye akapata kazi ya usafi kwenye jumba la makumbusho mjini. Jumba kubwa, sakafu ya mawe, kuta zimejaa picha za watu waliokufa zamani. Alianza saa kumi na mbili, akamaliza kabla wageni hawajaingia.

Mimba tatu tulipata. Hakuna iliyofika.

Hilo lazima niliseme, kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwenye jumuiya yetu ya Waswahili Wakatoliki hapa Stockholm, kila mama alikuwa Mama Fulani. Mwenyekiti wetu jina lake Getrude, lakini hata padri alimwita Mama Queen. Msichana wa miaka ishirini na mbili akijifungua leo, Jumapili ijayo keshapandishwa, ni Mama Fulani. Mke wangu alifika hamsini, akafika hamsini na tano, bado ni Veneranda. Hakuwahi kulia mbele ya watu. Lakini wakimwita aliitika mara ya pili, si ya kwanza. Mimi niliona.

Alikuwa na miaka kumi na minne kazini walipobadilisha picha za chumba cha mwisho. Jioni ile alirudi, akavua viatu, akasema:

"Leo nimeona kijana ana kucha chafu."

"Mlinzi?"

"Picha. Mtoto wa wakubwa. Kavaa mahameli ya kijani, mkufu shingoni, glavu mkono mmoja. Mkono wa pili hauna glavu, na kucha zake zina udongo."

"Mchoraji alikosea."

"Mchoraji hawezi kukosea kucha tano, baba."

Kwa miaka yote alifuta vumbi kwenye fremu bila kumuuliza mtu kitu. Kuhusu huyu aliuliza. Kulikuwa na mlinzi wa chumba kile, Jonas, Msweden mrefu mwenye ndevu nyeupe, aliyesoma kila kilichoandikwa kuhusu zile picha na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akaanza kumweleza Veneranda wakati wa kahawa, kidogo leo, kidogo kesho. Veneranda akirudi ananieleza mimi. Hivyo maisha ya kijana yule niliyapata kwa vipande, jikoni, tunamenya ndizi.

Jina lake Askanio. Alizaliwa Italia zaidi ya miaka mia tano iliyopita, kwenye ukoo wa Torreani. Babu yake aliuteka mji kwa upanga. Baba yake akaushika kwa upanga. Baba yake mdogo alikuwa kadinali Roma. Daraja la mji lilikuwa lao, lango lilikuwa lao, hata kengele ya kanisa ilichorwa nembo yao. Siku aliyozaliwa walipiga mizinga. Alikuwa na watu wanne wa kumvisha nguo.

"Wanne? Mmoja anashika nini, wa pili anashika nini?" nikauliza.

"Mmoja anashika soksi. Wewe ungefaa."

Alipotimiza miaka tisa walimchumbia binti wa miaka sita wa ukoo mwingine mkubwa. Hawakuonana hata siku moja.

Alipofika kumi na mbili, baba yake alikuwa amepigana na bwana wa mji wa ng'ambo ya mto kwa miaka minne. Wote walichoka. Wakataka amani. Lakini watu wale hawakuaminiana kwa karatasi wala kwa kiapo. Kila mmoja alitaka kitu cha kushika. Askanio alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ndiye wa kurithi. Basi wakamtoa Askanio. Akavushwa mto pamoja na farasi wake mweupe na masanduku mawili ya nguo, akakae kwa adui. Baba yake akivunja amani, mtoto anauawa.

Veneranda alifika hapo akaweka kisu mezani.

"Walimweka rehani," nikasema.

"Walimweka rehani. Na mama yake alisimama darajani akapunga kitambaa."

Alikaa kule miaka saba. Hawakumtesa. Alikula nyama, alifundishwa Kilatini, alifundishwa upanga. Ila asitoke nje ya ukuta wa bustani. Basi akaenda kila siku kwa mtunza bustani, mzee mmoja asiyejua kusoma. Yule mzee akamfundisha kubebesha miti ya mapeasi. Unakata kitawi cha mti mtamu, unakipachika kwenye shina la mti mwitu, unafunga na tope na kitambaa, unasubiri. Askanio alibebesha miti kumi na mmoja. Alimwandikia mama yake kila mwezi, akamweleza mti upi umeshika na upi umekataa. Majibu yaliandikwa na karani, maneno yale yale: mama anakusalimu, uwe mtiifu.

Halafu ikaja barua tofauti. Mama yake aliomba picha. Alisema hajui tena uso wa mwanawe.

Mchoraji akaitwa. Kijana akavishwa mahameli. Wakaleta maji ya kunawa, akakataa. Mchoraji alishangaa mpaka akaandika kwa rafiki yake, na barua ile ipo hadi leo, Jonas aliisoma. Kijana alisema: "Mama aone ninachofanya huku."

Picha ilikuwa bado mbichi baba yake alipovunja amani. Na ili askari wake wapigane kwa hasira, akawatangazia kwamba adui amemuua mwanawe. Akavaa nguo nyeusi. Ikasomwa misa kubwa ya marehemu Askanio, kengele zikagongwa, watu wakalia. Askanio yuko hai bustanini.

Bwana wa kule alimwita. Kwa desturi yao ilibidi amuue. Akasema hawezi kumuua aliyekula mezani kwake miaka saba, na kumweka tena hawezi. Akafungua lango. Kijana akatembea siku tatu hadi kwao, usaha miguuni. Akagonga lango la mji, akasema jina lake. Baba yake akaenda juu ya ukuta, akamtazama, akasema, "Mwanangu amekufa. Huyu simjui."

Alikufa kwa homa mwezi uleule, kwenye kibanda cha mvushaji kando ya mto. Mke wa mvushaji alimuuguza na kumzika. Ndiye aliyemsimulia padri mmoja miaka mingi baadaye, padri akaandika. Picha haikumfikia mama yake. Ilichukuliwa vitani, ikapita mikono mingi, ikafika Sweden.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," Veneranda akasema.

Nikasema, "Angalau misa alipata."

Akanitazama kama mtu aliyesikia ujinga. "Misa gani? Walimsomea akiwa mzima. Haihesabiki hiyo. Alipokufa kweli, nani alimwombea?"

Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Mwezi wa kumi na moja tunawaombea marehemu. Karatasi inapitishwa kwenye benchi, kila mtu anaandika majina ya wafu wake, padri anayasoma yote. Mwaka ule Veneranda aliandika baba yake, mama yake, dada yake. Chini akaandika: Askanio, miaka 19. Padri akasoma kama alivyoona. "Askanio, miaka kumi na tisa." Nikamwona Mama Queen akigeuza shingo.

Wengine wote kwenye karatasi ile walikuwa wazee. Kijana wa miaka kumi na tisa, mwanamke asiye na mtoto, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Wakajumlisha. Na kwetu huwezi kumfuata mama kwenye ngazi za kanisa ukamuuliza kuhusu mtoto aliyekufa. Unakwenda nyumbani kwake. Unakwenda na chakula.

Jumamosi kengele ya mlango ikalia. Nikafungua. Wanawake saba, kanga kiunoni, sufuria mikononi. Mama Queen mbele. Anatunza wazee huko Husby, ana sauti ya kuamsha nyumba nzima, lakini siku ile alinong'ona.

"Baba, pole. Yuko wapi mama?"

Nilidhani kuna msiba wa mtu mwingine. Veneranda akatoka chumbani na taulo kichwani. Mama Queen akaweka sufuria chini, akamkumbatia.

"Mama Askanio," akasema. "Umebeba peke yako miaka yote hii. Kwa nini hukutuambia?"

Nikaona mke wangu anafungua mdomo aseme. Nilijua anachotaka kusema. Halafu lile jina likamfikia. Nikaona linavyoingia. Badala ya kusema akalia. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, zile mimba zote tatu, na wale wanawake wakalia naye, na Pélagie, mama wa Kikongo mwenye mwili mkubwa, akakaa sakafuni kabisa akaanza wimbo.

Mimi niliyejua kila kitu nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Kosa ni langu pia.

Usiku tukalala bila kuzima taa.

"Kesho nitawaambia," akasema.

"Waambie."

Hakuwaambia. Jumapili alishuka kwenye treni, Pélagie akapaza sauti toka mwisho wa jukwaa, "Mama Askanio! Ngoja mimi!" Akaitika mara ya kwanza.

Ikawa hivyo miaka miwili. Alibadilika. Alikuwa mtu wa kukaa benchi la nyuma, akahamia katikati na akina mama. Walimpigia simu kuuliza mambo ya uzazi na ya waume zao. Mtoto wa jirani akiumwa, alikuwa anajua la kusema. Mimi nikaitwa Baba Askanio. Nilijisikia vibaya wiki mbili, halafu nikazoea, halafu nikapenda.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kumi, Mama Queen alikuja na wazo. Kila mwaka meza ya marehemu kanisani huwa na mishumaa tu. Mwaka huu kila mmoja alete picha ya mpendwa wake.

"Na wa kwanza kabisa tumweke Askanio," akasema, "maana ndiye mdogo kuliko wote. Tuletee picha yake. Fremu nimeshanunua."

Alipoondoka Veneranda alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti mwilini.

"Sema ilipotea," nikamwambia. "Watu wengi hapa wamepoteza picha. Hakuna atakayeuliza."

"Ndiyo. Naweza."

Akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

"Baba yake alisema uongo juu ya kifo chake apate askari," akasema. "Mimi nimesema uongo juu ya kifo hichohicho nipate jina. Nikisema na picha imepotea, mimi na yule mzee wa juu ya ukuta tunatofautiana nini?"

"Watakuacha, Vene."

"Huenda."

"Mama Queen hasamehi upesi. Unamjua."

"Namjua."

Hapo ndipo nilipoona anachoogopa. Si aibu. Aibu angeibeba, ni mtu wa kubeba. Aliogopa kurudi benchi la nyuma. Alikuwa na wanawake saba duniani, na jina moja, na vyote vilikuwa kwenye mdomo wake mwenyewe.

Alimpigia Mama Queen akasema, "Picha ipo. Lakini haihamishiki. Jumapili baada ya misa njooni niwaonyeshe."

Walikuja kumi na wanne, na nguo za kanisani. Akina mama wale saba, na waume, na Papa Firmin mume wa Pélagie, na Njuguna, Mkenya anayeendesha basi, ambaye haachwi nyuma pakiwa na safari. Tulipanda treni pamoja. Walidhani tunakwenda makaburini. Mama Queen alishika maua na ile fremu yake mpya, ndogo, ya kusimamisha mezani.

Ndani ya treni Veneranda alininong'oneza, "Asubuhi nimetoka Mama Askanio. Jioni narudi Veneranda."

Nikamshika mkono.

Tulipoingia jumba lile wakaanza kutazamana. Jonas alikuwa zamu. Alitusindikiza hadi chumba cha mwisho, akasimama pembeni. Veneranda akasimama chini ya picha. Ni kubwa, kijana anakaribia ukubwa wa mtu. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho. Alikuwa na masikio makubwa. Veneranda hakuniambia habari ya masikio.

"Huyu ndiye Askanio," akasema. "Sikumzaa. Sijazaa mtu yeyote. Alikufa miaka mia tano iliyopita."

Njuguna ndiye aliyetangulia kusema.

"Yaani jamaa ako na miaka mia tano na bado hajapata bibi?"

Hakuna aliyecheka. Pélagie alimpiga kiwiko.

Mama Queen alitazama picha, akatazama fremu yake, akatazama tena picha.

"Rudia," akasema.

Veneranda akarudia.

"Tulilia, Veneranda." Alilitamka jina hivyo, Veneranda, na nilimwona mke wangu akilipokea usoni. "Tulilia nyumbani kwako. Nilifunga siku tatu kwa ajili ya mwanao. Mimi na kisukari changu! Daktari alinigombeza. Nilifungia mtu wa kuchorwa ukutani?"

"Ulikuja na chakula, nikala, nikanyamaza," Veneranda akasema. "Miaka miwili nimenyamaza. Kosa ni langu, si la mwingine. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba unisikilize jinsi alivyokufa. Ukishasikia, nenda."

Mama Queen hakuondoka.

Akaeleza. Hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya maneno kumi, na siku ile alisema nusu saa. Alisema mizinga na kengele, farasi mweupe, mto. Aliposema mama alipunga kitambaa darajani, wanawake waliguna. Aliposema miti kumi na mmoja, Njuguna, ambaye baba yake alikuwa na shamba la matunda, akauliza, "Ilishika mingapi?"

"Tisa."

"Hiyo ni kazi safi. Mimi sijafika tisa."

Alipofika kwa baba aliyesimama juu ya ukuta akasema simjui, Papa Firmin alishindwa kujizuia. Papa Firmin alitoka kwao Kongo kwa miguu, na kuna milango aliyogonga.

"Baba gani huyo?" akasema kwa sauti, na ukumbi ukairudisha. "Mtoto iko mlangoni! Miguu imevimba! Baba gani?"

Wageni wa Kisweden wakageuka. Jonas akaweka kidole mdomoni, lakini hakumtoa mtu.

"Misa waliyomsomea ilikuwa ya uongo, yeye yuko hai," Veneranda akamalizia. "Alipokufa hakuna aliyepiga kengele. Ya kweli ya kwanza ni ile ya kwetu, mwezi wa kumi na moja. Na mfungo, Mama Queen, hajawahi kufungiwa na mtu. Wewe ni wa kwanza. Miaka mia tano alisubiri mama kutoka Moshi mwenye kisukari. Mimi nilikudanganya. Lakini kwake haukupotea hata siku moja kati ya zile tatu."

Mama Queen alisogea kwenye picha. Alisogea mno, kengele ya ulinzi ikalia ukutani, Jonas akaja mbio kumrudisha nyuma. Hakumwangalia. Alikuwa anaangalia mkono usio na glavu.

"Hizi kucha," akasema.

"Udongo wa bustani."

"Nyumba yote ya kitajiri, hakuna wa kumnawisha?"

"Walileta maji. Alikataa. Alitaka mama yake aone anachofanya."

"Na hakuona."

"Hakuona. Haikumfikia."

Mama Queen alivuta pumzi. Ana watoto wanne, wote wanamjibu Kisweden, na wawili hawaji nyumbani. Hilo sikulifikiria siku ile, nimelifikiria baadaye. Akaweka fremu na maua sakafuni, akafungua mkoba, akatoa daftari la jumuiya, lile la majina.

"Jina la ukoo?"

"Torreani."

"Taratibu. Herufi moja moja."

Veneranda akamtajia, naye akaandika, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule.

"Mwaka huu asomwe jina kamili," akasema. "Na uandike 'wa Italia'. Watu wasije wakapika tena pilau saba."

Hapo ndipo walipocheka. Njuguna alicheka kuliko wote, akamwambia Papa Firmin kwamba yeye alikula lile pilau na halijutii. Wanawake wakaanza kumzunguka Veneranda, mmoja anamshika bega, mwingine anamwuliza kama kweli mahameli ile ilifumwa kwa mkono. Lakini niliona bado anangoja. Mama Queen alikuwa anarudisha daftari kwenye mkoba, hajamtazama bado usoni, hajamwita chochote.

Ni Pélagie aliyeuliza, kwa sababu Pélagie huuliza.

"Na sasa, mama? Tutakuita namna gani?"

Wakamgeukia Mama Queen, maana yeye ndiye mwenyekiti, na yeye ndiye aliyetoa lile jina mlangoni kwetu.

Mama Queen akafunga zipu ya mkoba. Akainua yale maua. Hakujua ayaweke wapi, pale hakuna kaburi wala meza, na Jonas alikuwa anatikisa kichwa kwamba sakafuni hapana. Akayatazama kidogo, akampa mke wangu.

"Mwulizeni mwenyewe," akasema. "Asizoee kupewa kila kitu."

Veneranda aliyashika kwa mikono miwili. Alitazama wanawake wake mmoja mmoja. Halafu akasema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake:

"Niiteni mlivyozoea. Mimi nimeshazoea kuitika."